Leseni za Fonti Zinazokuja na Programu Funge na Matumizi Yake katika Picha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wabunifu wa mabango, wachapishaji, waandishi wa vitabu vya kujifunzia kompyuta na yeyote anayeandika maneno juu ya picha kwa kutumia fonti alizozikuta kwenye mashine yake. Programu funge ni zile ambazo mwenye nazo hatoi msimbo wake wala hamruhusu mtumiaji kuzigawa apendavyo. Kwa kawaida fonti zinazokuja ndani yake hufuata masharti hayo hayo.

Kisheria, fonti ni umbo la herufi au ni programu?

Ni vyote viwili, na karibu utata wote unaojadiliwa hapa unatokana na kuvichanganya. Umbo la herufi ni kile ambacho jicho linakiona: jinsi tumbo la herufi *a* linavyopinda, unene wa shina la *t*, nafasi inayoachwa kati ya *r* na *n*. Faili la fonti, lile linaloishia kwa TTF au OTF, ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna nukta za kihesabu zinazoeleza mkondo wa kila herufi, majedwali ya vipimo, na mara nyingi maagizo yanayoielekeza kompyuta namna ya kusogeza mistari ili herufi ndogo isomeke kwenye skrini. Ukiandika neno juu ya bango na kulihifadhi kama picha ya PNG, picha hiyo imebeba umbo peke yake, na faili limebaki pale pale lilipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jambo fulani linaruhusiwa, jiulize kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotoka mikononi mwako.

Je, sheria inalinda umbo lenyewe?

Inategemea nchi. Marekani hailindi umbo la herufi kwa hakimiliki. Kanuni za Ofisi ya Hakimiliki zinalitaja waziwazi miongoni mwa vitu visivyosajiliwa, na mahakama ya rufaa iliuthibitisha msimamo huo mwaka 1978 katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer. Faili la fonti, hata hivyo, linahesabiwa kuwa programu ya kompyuta. Mwaka 1998 mahakama moja ya California iliamua, katika kesi ya Adobe dhidi ya Southern Software, kwamba faili la namna hiyo linastahili ulinzi kwa sababu mtengenezaji wake huchagua mwenyewe nukta zipi aziweke wapi, na watu wawili wanaochora mkondo ule ule wanaweza kuchagua nukta tofauti.

Uingereza imechukua njia nyingine. Sheria yake ya hakimiliki ya 1988 inatambua haki katika umbo la herufi, lakini kifungu cha 54 kinasema kwamba kulitumia katika shughuli za kawaida za kuandika, kupanga maandishi na kuchapa hakukiuki haki hiyo, na kifungu cha 55 kinaweka ukomo wa miaka 25 kwa baadhi ya matumizi tangu vifaa vya kuzalishia herufi hizo vilipoanza kuuzwa. Katika Umoja wa Ulaya umbo la herufi linaweza kusajiliwa kama usanifu na kulindwa kwa muda usiozidi miaka 25. Palikuwa na jaribio la kuwa na sheria moja kwa mataifa mengi, nao ni Mkataba wa Vienna wa 1973, lakini haukuwahi kuanza kufanya kazi kwa kuwa nchi zilizouridhia hazikutosha.

Msomaji asifurahi mapema kwa kusoma habari ya Marekani. Pale ambapo sheria imenyamaza, mkataba wa leseni unaweza kusema, na wewe uliukubali siku ulipobonyeza kitufe cha kuendelea bila kuusoma.

Fonti nilizozikuta kwenye kompyuta yangu ni mali yangu?

Hapana. Umepewa ruhusa ya kuzitumia, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye programu iliyokuja nazo. Masharti ya Windows na ya macOS yanafanana sana katika jambo hili: unaweza kutumia fonti zilizomo kuonyesha na kuchapisha maandishi wakati programu inaendeshwa, na unaweza kuzipachika ndani ya hati kwa kiasi tu ambacho alama za upachikaji zilizo ndani ya kila fonti zinaruhusu. Baadhi ya fonti hizo hata kampuni inayoziweka kwenye mfumo wake si yenye kuzimiliki. Times New Roman na Arial, kwa mfano, zilitoka kwa kampuni ya fonti ya Monotype, na Microsoft inazitumia kwa leseni kama mwingine yeyote, ingawa kwa masharti tofauti na yako.

Naweza kuandika kwa fonti hizo juu ya picha nitakayoiuza?

Kwa kawaida, ndiyo. Picha ya pikseli, yaani iliyoundwa kwa nukta za rangi, yenye maneno ni zao la kuonyesha maandishi, sawa na karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapia, na sijaona mkataba wa fonti za mfumo wa kompyuta unaodai sehemu ya bango, jalada la kitabu au tangazo. Microsoft imeeleza kwamba haizuii kuuza kazi zilizoandikwa kwa fonti za Windows, isipokuwa pale ambapo programu iliyotumika ina leseni ya nyumbani, ya mwanafunzi au isiyo ya biashara. Kizuizi hicho ndicho watu wanachokipita bila kukiona. Mtu ana hakika kuwa fonti inaruhusiwa, kumbe programu aliyoifungua ili aandike ndiyo isiyoruhusiwa kwa kazi ya malipo.

Zipo fonti za mfumo zenye masharti makali zaidi. Apple inatoa fonti yake ya San Francisco kwa wanaounda programu, lakini leseni yake inaruhusu itumike kuchora mifano ya mwonekano wa programu zitakazoendeshwa kwenye mifumo ya Apple pekee. Kadi ya harusi iliyoandikwa kwa fonti hiyo, hata ikiwa picha tupu, imetoka nje ya ruhusa hiyo.

Kwa nini PNG ichukuliwe tofauti na SVG au PDF?

Kwa sababu PNG na JPEG haziwezi kubeba fonti, ilhali SVG (faili la mchoro linaloandikwa kwa maneno na tarakimu) na PDF zinaweza. Hapa inafaa kuangalia kwa karibu.

Fungua faili la SVG kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi. Ukiona neno *text* likifuatiwa na jina la fonti tu, basi fonti haimo; anayelifungua bila kuwa nayo ataona maneno yale yale kwa fonti nyingine, na huenda mstari ukazidi kisanduku chake. Ukiona *path* ikifuatiwa na msururu wa tarakimu, maandishi yamegeuzwa kuwa michoro, na kilichobaki ni umbo la herufi zile ulizoziandika. Lakini ukiona *font-face* na baada yake kurasa kadhaa za herufi zisizo na maana zinazoanza na d09GM, fonti nzima imo ndani: hizo ni baiti za faili la WOFF2, aina ya faili la fonti za tovuti, zilizoandikwa upya kwa herufi za kawaida, na zikianza na AAEAAAA basi ni TTF. Kila atakayepakua mchoro wako anaweza kuitoa fonti hiyo na kuisakinisha. Huo ni usambazaji wa fonti, hata kama wewe ulikusudia kusambaza ua lenye maneno mawili chini yake.

PDF ina adabu zaidi kidogo. Programu nyingi hupachika herufi zilizotumika tu, na ukitazama orodha ya fonti katika sifa za hati utaona majina kama BCDEEE+Calibri, ambapo herufi sita kubwa na alama ya kujumlisha zinaonyesha kwamba kilichomo ni kipande cha fonti. Leseni nyingi zinaukubali upachikaji wa namna hiyo. Hati za PDF/A, zinazokusudiwa kuhifadhiwa kwa miaka mingi, zinalazimika kupachika fonti zote zinazoonyeshwa, hivyo fonti iliyokatazwa kupachikwa haifai humo hata kidogo.

Nitajuaje kama fonti inaruhusu kupachikwa?

Ndani ya faili la fonti, katika jedwali linaloitwa OS/2, mna sehemu iitwayo fsType. Thamani 0 ina maana kwamba fonti inaweza kupachikwa na hata kusakinishwa kwa mpokeaji. 8 inaruhusu hati kuhaririwa. 4 inaruhusu kutazama na kuchapa pekee. Na 2 inakataza upachikaji mpaka upate idhini ya mwenye fonti. Katika Windows unaweza kuibonyeza fonti kwa kitufe cha kulia na kusoma maelezo yake, na katika FontForge, programu ya kuhariri fonti, utaipata kwenye taarifa za fonti, upande wa OS/2.

Alama hiyo ni tamko, haina kufuli. Programu yenye heshima, kama Word, itakataa kupachika fonti yenye 2, lakini programu nyingine haitajali. Vilevile zimo fonti zilizowekewa thamani fulani kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa aliyezitengeneza hakuibadilisha ile aliyoikuta kwenye programu yake. Alama ikigongana na maandishi ya leseni, mimi hufuata leseni, na nikiona bado kuna shaka humwandikia mwenye fonti. Wasanifu wa fonti wengi ni watu wawili watatu ofisini, na hujibu.

Ninaweza kumtumia mchapaji faili la fonti ili bango lisiharibike?

Fonti za mfumo, hapana. Fonti zilizonunuliwa, soma kwanza. Baadhi ya leseni zinaruhusu kumpa mchapaji nakala kwa kazi hiyo moja kisha aifute, na nyingine zinamtaka anunue yake. Niliwahi kupeleka jalada la kitabu bila kupachika fonti, nikiamini kwamba mchapaji anayo. Alikuwa na fonti ya jina lile lile, ila toleo tofauti, na mkia wa herufi moja katika jina la mwandishi ukatokeza nusu nje ya ukingo wa jalada. Tangu siku hiyo huwa nageuza vichwa vya habari kuwa michoro kabla ya kutuma, na maandishi marefu nayaacha ndani ya PDF yakiwa na fonti iliyopachikwa. Nakala inayoharirika hubaki kwangu, kwa kuwa maandishi yakishageuzwa kuwa mchoro, kosa la tahajia halirekebishwi kwa kubonyeza kitufe cha kufuta.

Naweza kunakili fonti za Windows na kuzitumia kwenye Linux?

Leseni ya Windows haitoi ruhusa hiyo. Watu huchanganya jambo hili na mkusanyiko ambao Microsoft iliutoa kuanzia 1996 kwa ajili ya tovuti, wenye Arial, Georgia, Verdana, Times New Roman na nyingine chache. Mkusanyiko huo uliruhusiwa kugawiwa kwa sharti kwamba vifurushi vya asili visiguswe. Mwaka 2002 Microsoft iliacha kuutoa, lakini ruhusa ya vifurushi vilivyokwisha kutoka ilibaki. Ndiyo maana mifumo kadhaa ya Linux ina kisakinishi kinachopakua vifurushi vile vile vya zamani na kuvifungua kwenye mashine yako, badala ya kukupa fonti zikiwa tayari zimefunguliwa. Matoleo mapya ya Arial yaliyomo katika Windows ya leo hayahusiki.

Ziko fonti mbadala ambazo hazitavuruga hati zangu?

Ziko, na ni jibu zuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation, ambazo upana wa herufi zake unalingana na ule wa Arial, Times New Roman na Courier New, hivyo mistari na kurasa hukatika mahali pale pale. Carlito inalingana na Calibri kwa namna hiyo, na Caladea inalingana na Cambria. Maumbo hayafanani kabisa, na mwenye jicho kali atajua, lakini jedwali lako halitasogea.

Leseni ya SIL inaniruhusu nini?

SIL Open Font License, leseni huria ya fonti ambayo toleo lake la 1.1 ni la 2007, inakuruhusu kutumia fonti kwa kazi yoyote, kuipachika, kuirekebisha na kuigawa. Inakukataza kuiuza fonti ikiwa peke yake, na inadai kwamba ukiibadilisha, toleo lako libaki chini ya leseni hiyo hiyo na lisitumie jina ambalo mwenyewe amelihifadhi. Picha na hati unazozitengeneza hazihusiki na masharti hayo. Kwa yeyote anayechapisha michoro ya SVG au anayejaza picha kwenye hazina huria, ningeshauri aanzie hapa na aepuke ubishi.

Fonti imeandikwa “bure kwa matumizi binafsi”. Nikiitumia mara moja tu kwenye tangazo?

Mara moja inatosha kuwa ukiukaji. Tangazo ni biashara.

Vipi kuhusu nembo?

Nembo ni picha, kwa hiyo leseni nyingi zinairuhusu. Hata hivyo, baadhi ya wauzaji wa fonti hutenga nembo na kuitoza leseni yake, na wengine wanakataza kuisajili kama alama ya biashara bila idhini. Soma pia vifungu vinavyohusu bidhaa ambazo herufi zenyewe ndizo zinazouzwa, kama mihuri ya mpira, stika za herufi moja moja au vigae vya kufundishia alfabeti. Mnunuzi wa bidhaa hiyo hupata alfabeti kamili, na kwa mwenye fonti jambo hilo linakaribia kuiuza fonti yenyewe.

Nani anawajibika, mbunifu au mteja?

Mara nyingi wote wawili huingizwa kwenye lawama, na aliye maarufu zaidi ndiye anayeaibika. Mwezi Januari 2010 Hadopi, taasisi ya Ufaransa iliyoundwa kupambana na upakuaji haramu katika intaneti, ilionyesha nembo yake. Punde wajuzi wa herufi wakaitambua fonti ya Bienvenue, ambayo Jean François Porchez aliichora kwa ajili ya kampuni ya France Télécom peke yake. Kampuni ya ubunifu iliyoitengeneza nembo hiyo iliomba radhi na nembo ikaandikwa upya kwa fonti nyingine. Mteja anayelipia nembo aombe pamoja nayo jina la fonti na nakala ya leseni. Mbunifu anayesita kuvitoa ana sababu ya kusita.

Picha za skrini zinaingia wapi?

Herufi zinazoonekana katika picha ya skrini ndilo jambo dogo kuliko yote humo. Picha hiyo inaonyesha aikoni, mpangilio na pengine kazi za watu wengine, na hivyo vina hakimiliki yake. Kitabu cha kufundishia programu kitahitaji kufuata masharti ya mwenye programu kuhusu picha za skrini kabla ya kuanza kuwaza ni fonti gani imetumika kwenye menyu.

Na emoji?

Hapa wengi hujikwaa. Emoji zinakaa ndani ya faili la fonti, na mtu huzichapa kama anavyochapa herufi, kwa hiyo anadhani kanuni ni ile ile. Lakini uso unaocheka wenye rangi na vivuli ni mchoro, na mchoro unalindwa na hakimiliki hata kule ambako herufi hailindwi. Kuweka emoji za Apple kwenye fulana kwa hoja kwamba ni fonti tu ni hoja dhaifu. Noto Color Emoji ya Google ina leseni ya SIL, na Twemoji, zilizotolewa na Twitter, zina leseni ya Creative Commons inayodai umtaje mwenye kazi.

Tovuti yangu inatengeneza picha zenye jina la kila mgeni. Leseni ya kompyuta inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Leseni ya kompyuta ya mezani inahesabu watu walioketi mbele ya mashine, nayo seva inaandika picha elfu kwa siku bila mtu. Wauzaji wengi wana leseni ya pekee kwa kazi hiyo. Kadhalika, kuigeuza fonti ya Windows kuwa WOFF na kuiweka kwenye tovuti kunakatazwa, hata kama fonti hiyo inaonekana vizuri katika kila picha uliyoihifadhi kihalali.

Nimepokea barua inayodai nilipie fonti. Nifanye nini?

Usijibu siku hiyo hiyo, na usifute kitu. Tambua kwanza barua inalalamikia nini: faili la fonti lililoko kwenye seva yako, au picha tu yenye herufi zinazofanana nayo. Fungua folda ya tovuti na utafute mafaili yanayoishia kwa TTF, OTF, WOFF na WOFF2, kisha kagua SVG na PDF zako kama ilivyoelezwa hapo juu. Tafuta risiti na maandishi ya leseni ya siku uliyoinunua au kuipakua, kwa sababu wauzaji hubadilisha masharti na linalokuhusu kwa kawaida ni toleo ulilolikubali. Kama kilichopo ni picha ya pikseli, uliza ni kifungu gani cha leseni kinachodaiwa kuvunjwa. Kama ni faili lililokaa kwenye seva bila leseni, liondoe baada ya kuhifadhi kumbukumbu zako, kisha zungumza na mwanasheria kuhusu bei kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.